Nani Anasukuma? Shajara ya Mradi wa Mekanika, Bagamoyo

Jumamosi, 16 Agosti

Tumeanza leo saa tatu asubuhi, barazani kwa shangazi yangu, kata ya Dunda. Wanafunzi 14, mikeka miwili, ubao wa kuazima, na birika la chai ya tangawizi ambalo shangazi alilileta bila kuombwa. Wote wameshapata nafasi vyuoni, na kozi zao zote zina mekanika, yaani fizikia ya mwendo na nguvu, mwaka wa kwanza. Fizikia waliiacha baada ya kidato cha pili. Wawili wametoka stashahada ya uvuvi, watano ya ujenzi, mmoja ni muuguzi anayekwenda kusomea fiziotherapia, waliobaki wamezunguka kwenye biashara na kompyuta kabla ya kupata njia. Mkubwa wao ni yule muuguzi, ana miaka 41 na watoto watatu.

Mradi wenyewe ni huu: Jumamosi 10, pamoja na kijitabu cha kurasa 60 hivi kwa Kiswahili, pembeni kikiwa na safu ya istilahi za Kiingereza watakazokutana nazo chuoni. Kozi yao watafundishwa huko huko chuoni. Mimi nataka siku ya muhadhara wa kwanza wa sheria za Newton mtu asikae pale kama aliyeshushwa kituo asichokijua.

Kabla ya kufundisha neno lolote niliwapa maswali sita. La kwanza: mtu amerusha nazi juu, wima. Nazi imeshaachana na mkono na bado inapanda. Chora mishale ya nguvu zote zinazoigusa. Upepo usiuhesabu.

Jibu ni mshale mmoja tu, unaotazama chini. Kati ya 14, 12 walichora na mshale wa juu, wakauandika "nguvu ya mkono". Wengine waliufanya mrefu kuliko wa chini, kwa hoja kwamba bila hivyo nazi isingepanda. Nilimuuliza kijana mmoja wa ujenzi mkono uko wapi nazi ikiwa mita tatu hewani. Akanijibu kwa upole: "Mkono haupo, Mwalimu, lakini nazi imeondoka na nguvu yake. Ikiishiwa, inarudi."

Nimeinakili sentensi hiyo nyuma ya daftari, maana mradi wote umo ndani yake. Jean Buridan, msomi wa Paris wa karne ya 14, alifundisha jambo linalofanana nayo sana, kwamba mrushaji hutia kitu ndani ya jiwe na hicho ndicho kinachoendelea kulipeleka. Galileo naye ujanani alipita karibu na hapo kabla ya kuhama. Kijana huyu hajakosa akili. Amefikiri vizuri kwa kutumia neno lililomwekea njia moja tu ya kufikiri.

Jumanne, 19 Agosti

Usiku wa kusoma. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake wawili, Marekani, walitoa jaribio la mekanika lisilohitaji hesabu: maswali ya kuchagua, na katika kila swali wameweka pia lile jibu ambalo mtu wa kawaida angelitoa. Mwaka 1998 Richard Hake akakusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 waliopimwa mwanzo na mwisho wa kozi za aina hii. Katika madarasa ya kukaa na kusikiliza, wanafunzi kwa wastani walipata chini kidogo ya robo ya kile walichokikosa mwanzoni. Katika madarasa ya kutabiri, kubishana na kujaribu kwa mikono, walipata karibu nusu.

Karibu nusu, na hao ndio waliofanya vizuri. Kwa hiyo nimeamua kwamba hakuna jaribio litakalofanyika kwenye baraza letu kabla kila mtu hajaandika utabiri wake kwa kalamu ya wino.

Jumamosi, 23 Agosti

Kikao kibaya. Nilikuja na istilahi: kani, tungamo, mchapuko, inesha. Ni maneno mazuri, yamo kwenye kamusi, na wanafunzi waliyanakili kwa mwandiko safi. Kani ni msukumo au mvuto. Tungamo ni kiasi cha maada. Mchapuko ni kubadilika kwa mwendo kwa kila sekunde. Inesha ni ukaidi wa kitu kubadilishiwa mwendo. Nikarudisha swali la nazi. Majibu: "Nazi ina kani ya mkono." Nimebadilisha kibandiko, chupa ni ile ile.

Jirani mmoja mtu mzima alikuwa amekaa pembeni akisubiri chai, akaniuliza: "Hiyo kani ndiyo ile ya kushika kani, mtu anabisha na kosa ni lake?" Ndiyo hiyo, Mzee. Kwetu pwani mwenye kani ni mbishi, asiyeachia. Basi hata neno nililolichukua ili kukwepa matatizo ya "nguvu" linasikika masikioni mwa watu kama kitu ambacho mtu anacho.

Nimekaa na hilo hadi usiku. Nguvu kwa Kiswahili ni mali. Kijana ana nguvu, dawa ina nguvu, betri imeisha nguvu, sheria imeanza kuwa na nguvu, dizeli inampa mtu nguvu ya kufika Chalinze. Kila mahali inamilikiwa, inatunzwa, inapungua, inaisha. Ukimwambia mtu aliyekulia ndani ya neno hili kwamba nazi inayopanda haina nguvu ya kwenda juu, anakusikia unasema nazi imekufa. Na "nguvu" hiyo hiyo kwenye fizikia imegawanyika vipande vitatu au vinne: kani, nishati, pawa (wepesi wa kutumia nishati), na mara nyingine momenta. Mwanafunzi anabeba vyote kwenye kikapu kimoja.

Jumapili, 24 Agosti

Watoto wa nyumba ya nyuma walikuwa wanacheza uani, mmoja akaanguka akalia. "Kanisukuma!" Mwenzake: "Mwongo, yeye ndiye kanisukuma mimi." Shangazi alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, hakuinuka. "Mmesukumana. Haya, nendeni mkacheze."

Kusukuma, kusukumwa, kusukumana. Niliacha sahani yangu nikaenda kutafuta kalamu.

Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba kusukuma kuna anayesukuma na kuna anayesukumwa. Hawezi kusema "nimesukumwa" kisha asiulizwe na nani. Neno "nguvu" halidai mwenyewe aliyeitoa. Kitenzi kinadai. Na shangazi, kwa kutia -ana tu, ametamka sheria ya tatu ya Newton: hakuna msukumaji asiyesukumwa na yule anayemsukuma.

Nimefuta sura ya pili yote ya kijitabu. Naiandika upya kwa vitenzi.

Jumamosi, 30 Agosti

Sheria za baraza kuanzia leo. Hakuna kusema kitu "kina" kani. Kila mshale unaochorwa lazima usomeke kama sentensi yenye -wa na yenye "na": inavutwa na nani, inasukumwa na nani, inaburuzwa na nani. Na huyo "nani" lazima awe anakigusa kitu wakati huo huo tunaouzungumzia. Dunia peke yake ndiyo tumeiruhusu kuvuta bila kugusa, na kwa mekanika ya mwanzo msamaha huo mmoja unatosha.

Tukaanza na kitabu juu ya meza. Kinavutwa na dunia. Kinasukumwa na meza, kwenda juu. Mishale miwili, basi. Hapo wawili walikataa: meza imetulia, itasukumaje? Tukaweka ubao mwembamba juu ya matofali mawili, kitabu katikati, ubao ukapinda. Vitabu vitano, ukapinda zaidi. Tukaviondoa, ukarudi. Meza nayo inapinda, kidogo mno kwa macho, na inapinda mpaka pale msukumo wake unapolingana na mzigo.

Kisha nazi. Iko hewani, inapanda. Inavutwa na dunia, sawa. Inasukumwa na nani? Mkono. Unaigusa? Kimya. Yule kijana wa ujenzi alikaa na kalamu yake muda mrefu, halafu akauliza swali nililolisubiri wiki mbili: "Sasa kama hakuna anayeisukuma, kwa nini inaendelea kupanda?"

Hapo ndipo sheria ya kwanza inapopata kazi. Mwendo hauhitaji msukumaji wa kuudumisha. Anayehitajika ni wa kuubadilisha. Dereva wa daladala akifunga breki, abiria aliyesimama anakwenda mbele bila kusukumwa na mtu nyuma. Alikuwa anakwenda, ameendelea kwenda, gari ndilo lililozuiwa. Nazi nayo ilikuwa inakwenda juu wakati mkono unaiachia. Imeendelea, huku dunia ikiipunguzia mita 9.78 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Ikiwa imeachiwa na mwendo wa mita 9.78 kwa sekunde, itapanda sekunde moja kamili, itafika karibu mita 4.9, itageuka. Kile ambacho kijana alihisi nazi "imeondoka nacho" kipo kweli, na nimempa jina lake: momenta, yaani tungamo mara kasi. Nazi inaweza kuwa na momenta. Haiwi na kani, kani hutendwa.

Aliandika hivyo hivyo: "kani hutendwa". Nimeiacha kijitabuni kama alivyoiandika.

Baada ya chai tukaja kwenye -ana, na hapa Kiswahili kimenipa kifaa ambacho sikukitegemea. Kosa la kawaida kabisa ni kudhani kwamba kile kitabu kuvutwa na dunia na kusukumwa na meza ndiyo jozi ya sheria ya tatu, kwa sababu mishale inalingana na inatazamana. Jaribu kuisema kwa kitenzi kimoja chenye -ana. Dunia na kitabu vinavutana. Kitabu na meza vinasukumana. Vitenzi viwili, kwa hiyo jozi mbili. Mishale miwili iliyo juu ya kitabu kimoja haiwezi kuwa jozi, maana kitabu hakivutani na nafsi yake. Wanafunzi 9 walilipata palepale.

Lililowakwaza ni lori na bajaji. Vikigongana, kani ni sawa kwa wote wawili? Walikataa karibu wote, wakataja ajali walizoziona barabarani. Tukapiga hesabu: lori tani 10, bajaji kilo 400 na abiria wake. Kani ile ile ukiigawa kwa tungamo la kila kimoja, mchapuko wa bajaji ni mara 25 ya ule wa lori. Kinachotofautiana ni kinachompata kila mmoja. Wamekubali kwa kichwa, moyoni bado.

Jumamosi, 6 Septemba

Ufukweni, kwa mafundi wa majahazi. Fundi mkuu ni mtu wa miaka zaidi ya 70, na vijana wote wanamwita Babu. "Shikamoo, Babu." "Marahaba, wanangu. Mmekuja kujifunza kuchonga?" Nikamwambia tumekuja kujifunza kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Akacheka, akasema kapi haina la kujifunza, unavuta.

Pale kulikuwa na jahazi limepandishwa, mlingoti umesimama, foromali, ule mti wa kufungia tanga, imelazwa chini pamoja na henza, kamba ya kuipandishia. Babu akatufungia kapi mbili za mti kwenye boriti ya banda. Mzigo wetu ni kiroba cha mchanga, kilo 20 kwa mizani ya ndoano, ile ya wanunuzi wa samaki, ambayo nimeinunua kwa ajili ya mradi huu. Nikafunga mizani kati ya kamba na mkono wa mvutaji, ili isome kile anachovuta.

Utabiri kwanza. Kapi moja iliyofungwa juu, kamba inapita, unavuta kwenda chini: itasoma ngapi? Wengi waliandika 10. Walikuwa na hakika kwamba kapi inapunguza, kwa sababu kila anayetumia kapi anaona nafuu. Dada mmoja wa uvuvi aliandika 20.

Mizani ikasoma 22.

Tulirudia mara tatu. Imezidi! Nikawaacha wabishane dakika kumi nzima, na ubishi huo ndio somo bora tulilopata mpaka sasa. Kapi iliyofungwa juu haikupi punguzo lolote. Inakugeuzia upande, uvute chini badala ya juu, na hapo mwili wako wenyewe unakusaidia, ndiyo nafuu watu wanayoihisi. Zile kilo mbili za ziada ni msuguano wa gurudumu la mti kwenye mhimili wake.

Kisha kapi ya pili ikafungwa kwenye kiroba chenyewe, itembee nacho. Sasa kiroba kimeshikwa na kamba mbili. Kinavutwa na kamba ya kushoto, kinavutwa na kamba ya kulia, kinavutwa na dunia. Kila kamba ibebe nusu. Utabiri: 10. Mizani: 12. Hakuna aliyeshangaa safari hii. Kijana wa kompyuta akasema, "Msuguano umekata ushuru wake," na Babu, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akaenda ndani akatoka na kikopo cha sifa, mafuta ya papa wanayopakia vyombo. Akatia matone kwenye mhimili, akazungusha gurudumu kwa kidole mpaka likaacha kulia. Mizani: 11.

Nikamuuliza: "Babu, kiroba ni kile kile kilo 20, na sasa tunavuta 11. Zilizobaki zimekwenda wapi?"

Hakufikiri hata kidogo. "Tazama kamba iliyolala miguuni kwako. Kiroba kimepanda pima moja, kamba mmevuta mbili. Mlichopunguza mkononi mmekilipa kwenye kamba."

Pima ni ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Tukapima kwa futi kamba: kiroba mita 1, kamba mita 2. Kilo 11 mara 2 ni 22, kiroba kinadai 20, mbili za tofauti zimeliwa na msuguano. Kabla ya sifa ilikuwa 24 kwa 20. Hiyo ni kazi, kani mara umbali, siku 28 kabla ya tarehe niliyopanga kuifundisha. Nilitaka kuwaambia hivyo nikajizuia. Nitawaambia tutakapofika.

Jumamosi, 13 Septemba

Hasara. Nilipeleka kurasa 20 za kwanza kwenye duka la kuchapa ili kila mtu awe na nakala yake. Nakala zimerudi bila alama za kutoa. Mashine yao haikuwa na herufi niliyoitumia, ikaacha nafasi tupu kila palipokuwa na alama hiyo. Sikukagua. Wanafunzi walifanya zoezi la nazi nyumbani kwa mchapuko wa 9.78 badala ya kutoa 9.78, na majibu yao yote yalisema nazi inaongeza mwendo kwenda juu bila kukoma.

Kilichoniuma kuliko shilingi ni kwamba 11 kati yao waliyaamini majibu hayo. Yule muuguzi peke yake ndiye aliyeandika chini ya hesabu yake: "Hii haiwezekani, naomba kuuliza." Nimetumia kikao kizima kwa jambo hilo moja, kutazama jibu na kuliuliza kama linafanana na dunia. Mwelekeo wa juu chanya, wa chini hasi, unauchagua mwenyewe mwanzoni na unaubeba mpaka mwisho. Kurasa zimechapwa upya kwa hela yangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Bomba la plastiki la mita 4 limepasuliwa katikati likawa mfereji, mwisho mmoja umeinuliwa sentimita 10, gololi inaachiwa kutoka juu. Saa yetu ni nati iliyoning'inizwa kwa uzi wa mita 1, maana uzi wa urefu huo ukienda upande mmoja hutumia sekunde moja, kasoro isiyoonekana. Mmoja anahesabu nati kwa sauti, wenzake wamepanga mstari kando ya bomba na chaki, kila mmoja anaweka alama gololi ilipo sauti inapotoka.

Nafasi kati ya alama: sentimita 9, 25, 45, 60. Nikawaomba wagawanye zote kwa ile ya kwanza. 1, karibu 3, 5, karibu 7. Galileo aliona mpangilio huu huu wa witiri kwenye mfereji wake wa mbao na akauchapisha mwaka 1638, akiwa mzee aliyepofuka. Wanafunzi wawili walishikana mikono kama waliofunga goli. Grafu niliichora baadaye, na mteremko wa grafu ukaeleweka bila kutaja kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, kwa jina.

Kwa kuwa nati ilikuwa imeshaning'inia, dada wa uvuvi akauliza kwa nini natumia 9.78 ilhali kitabu cha mdogo wake kinasema 9.81. Kwa sababu tuko nyuzi 6.4 kusini mwa ikweta. Dunia imetanuka kidogo kiunoni, kwa hiyo tuko mbali zaidi na kitovu chake, na tena inazunguka nasi kwa kasi kubwa kuliko inavyowazungusha watu wa London. Akataka tuipime. Tukapiga hesabu: mizunguko 100 ya nati kwa 9.78 ni sekunde 200.9, kwa 9.81 ni sekunde 200.6. Tofauti ni sekunde 0.3. Kuiachia nati kwa pembe ya nyuzi 10 badala ya pembe ndogo kunaongeza peke yake karibu sekunde 0.4, pembe hiyo ikidumu. Yaani kosa la mkono linafunika kitu tunachokitafuta. Alipima mara nne hata hivyo, pembe ndogo kadiri alivyoweza, na mara ya nne akapata 201.0. Sikumwambia kwamba amethibitisha, kwa sababu hajathibitisha, na alielewa kwa nini.

Mizani yetu ya samaki ikaingia hapo. Imeandikwa kilo, lakini ndani kuna springi, na springi haijui tungamo, inajua kuvutwa tu. Mizani iliyowekewa alama zake London ikiletwa hapa, kilo 100 itazisoma 99.7. Uzito na tungamo vikatengana mbele ya macho yao, kwa ushahidi wa kitu kinachoning'inia sokoni kila siku.

Jumamosi, 27 Septemba

Kikao kifupi, mvua. Mwendo wa kuzunguka. Bajaji inakata kona kulia, abiria anasema ametupwa kushoto. Darasa zima kwa pamoja: "Na nani?" Hakuna aliyemtupa. Alikuwa anakwenda mbele, bajaji imegeuka, ubavu wa bajaji umemfuata ukamsukuma kwenda ndani ya kona. Sikuhitaji kusema neno. Swali lao limekuwa lao.

Jumamosi, 4 Oktoba

Kazi na nishati. Nilijua patakuwa na mgogoro na ulikuja. Nilisema: mtu aliyesimama na ndoo kichwani bila kutembea hafanyi kazi yoyote juu ya ndoo. Yule muuguzi aliweka kalamu chini. "Mwalimu, mimi nimebeba maji tangu nina miaka saba. Leo unaniambia ile haikuwa kazi?"

Ana haki, na kitabu kinachojibu swali hili kwa kumwambia mtu kwamba hakufanya kitu kinamfukuza darasani. Nilimjibu polepole. Ndoo ya lita 20 kuitoa chini hadi kichwani, mita 1.5, unaipa ndoo jouli 293, jouli ikiwa kipimo cha nishati. Hizo zimo kwenye ndoo, ukiiachia utaziona. Ukisimama nayo saa nzima, ndoo haipati hata jouli moja zaidi. Lakini misuli yako haipumziki. Nyuzinyuzi zake zinajikaza na kuachia bila kukoma, zinakula chakula ulichokula na kukitoa kama joto. Uchovu wako ni nishati halisi kabisa, imeishia mwilini mwako. Meza ingeibeba ndoo ile mwaka mzima bila kula.

Alinyamaza, halafu akasema: "Kwa hiyo swali ni nani amepewa." Ndiyo. Nani amepewa, kiasi gani, na nani ametoa. Nimeandika kichwa kipya cha sura ya saba: Nani Amepewa.

Kisha nikawarudisha kwa Babu na kamba yake. Tulikubaliana kwamba kilo 11 za mizani ni kama nyutoni 108 (nyutoni ni kipimo cha kani), mara mita 2, jouli 215. Kiroba kimepokea jouli 196. Waliokuwa pale ufukweni walianza kuwaeleza wawili ambao hawakuwepo, mimi nikakaa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Msiba mtaani, tumefanya saa moja tu. Momenta na migongano kwa gololi. Sura hii imejiandika yenyewe, kwa sababu "kugongana" tayari ina -ana ndani yake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wamekuja 13. Jaribio la mwisho, yale maswali sita ya mwanzo yaliyobadilishwa sura. Badala ya nazi, mpira wa miguu uliokwisha pigwa, uko angani. Walioweka mshale mmoja wa chini ni 10, mwezi Agosti walikuwa 2. Watatu bado wameweka nguvu ya mguu. Kwenye karatasi ya mmoja wao mshale wa mguu umechorwa, ukafutwa, ukachorwa tena, na pembeni kuna neno "nani?" kwa penseli hafifu. Huyo nataka kukaa naye peke yake kabla hajaondoka.

Lori na bajaji wamepata 6 tu. Lawama ni yangu. Nililifundisha kwa hesabu ya dakika tano mwisho wa kikao, wakati lilihitaji mizani mbili zilizofungwa ndoano kwa ndoano, mtu mzima upande mmoja na mtoto upande wa pili, kila mmoja asome yake kwa sauti. Nimenunua mizani ya pili jana.

Kijitabu kina kurasa 47. Sura inayokosekana ni ya kani zinazozungusha, na hiyo siwezi kuiandika kabla ya ngalawa. Mwenye ngalawa ametukubalia Jumanne tarehe 21. Ni bamvua, saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa na chombo kimekaa mchangani, tutapima urefu wa matengo, ile miti ya pembeni inayozuia ngalawa isipinduke, kutoka katikati. Maji yakianza kujaa tutaning'iniza ndoo ya mchanga kwenye ncha ya tengo, tukiongeza kilo mojamoja mpaka upande ule uzame, kisha tuisogeze ndoo hadi nusu ya tengo na kuanza tena. Kila mtu ameandika kwa wino anadhani ni kilo ngapi kila mahali. Karatasi zote 13 zimo ndani ya bahasha, anayo shangazi.